Shimo Lililogeuka Msitu

Jumapili moja, katika likizo ya Agosti, niliwachukua mama yangu, mke wangu na watoto wetu wawili, tukaenda Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa, kutazama wanyama katika Bustani ya Haller. Tulivuka Likoni kwa feri asubuhi mapema, tukapanda matatu ya kwenda Mtwapa, na ilipotimu saa nne tulikuwa mlangoni. Watoto waliwalisha twiga kwa mikono yao, wakawaona pofu wakila majani, na mamba waliolala kando ya maji mithili ya magogo. Kisha binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, akaunyoshea kidole ukuta wa mawe uliosimama nyuma ya miti, akauliza, "Baba, mbona tumo ndani ya shimo?"

Naam, tulikuwa shimoni, na historia ya shimo hilo yafaa kujulikana.

Zamani sana ardhi ya Bamburi ilikuwa chini ya bahari. Matumbawe yaliota humo, na bahari ilipopungua yakabaki katika nchi kavu, yakawa mawe ya chokaa. Mawe hayo, yakichomwa pamoja na udongo katika tanuri kali na kusagwa, ndiyo yatoayo saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi hiyo mwaka 1954. Mawe yakachimbwa mwaka baada ya mwaka, mpaka kukaribia maji ya chini yenye chumvichumvi. Kilichobaki ni timbo kubwa, jeupe, lisilo na udongo wala kivuli.

Mwaka 1971, René Haller, bwana shamba mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kupanda miti timboni. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilibaki hai aina tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa nchi ya Somalia. Mvinje ulistawi kuliko yote, kwa sababu hustahimili chumvi, na katika mizizi yake huishi vijidudu viwezavyo kutwaa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti.

Hata hivyo shida haikwisha. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalala juu ya mawe bila kuoza, maana yana tanini nyingi, nayo huzuia bakteria kufanya kazi yao. Pasipo kuoza hapana mboji, na pasipo mboji hapana udongo. Ndipo Haller alipomwona jongoo akiyatafuna majani yale yale. Akakusanya majongoo kwa mamia, akawaachia chini ya mivinje. Wakala, na kinyesi chao kikawa mboji. Udongo ukaongezeka, miti mingine ikaota, ndege wakaja, na wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 watu wote wakafunguliwa mlango.

Desemba 2004, siku za tsunami, mtoto wa kiboko aliyetengana na wenziwe alikwama baharini karibu na Malindi. Watu wakamwokoa kwa nyavu, akaletwa Bamburi, akaitwa Owen. Alipofika alimkimbilia kobe wa Aldabra aliyeitwa Mzee, mwenye umri wa yapata miaka 130, akajilaza ubavuni pake kana kwamba ni mama yake. Lau timbo lingaliachwa jinsi lilivyokuwa, yatima yule asingalipata kimbilio hilo.

Hayo yote nilimweleza binti yangu. Akauliza tena, "Na ni nani aliyeyataka mawe yale?" Nilitaka kusema, kiwanda. Lakini mama yangu, aliyekuwa ameketi akipumzika, alinitangulia. "Sisi, mjukuu wangu. Nyumba ya babu yako ilikuwa ya udongo na makuti, na kila masika ukuta mmoja ulianguka. Alipopata fedha alinunua saruji. Mikono yetu nayo imo katika shimo hili."

Nikanyamaza. Mimi mwalimu nilikuwa tayari kumtafuta mkosaji mmoja, kama tufanyavyo mara nyingi tusomapo historia. Bibi ambaye hakusoma alituhesabu sote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti yangu aliinama, akafunua majani makavu, akamwona jongoo amejikunja. "Ngoja," bibi yake akamwambia, "atajikunjua." Mtoto akangoja, kisha akasema, "Baba, na lile timbo la nyuma ya kwetu je?"

Nyuma ya kwetu liko timbo dogo, ambalo watu walichimba mawe ya kujengea wakaliacha wazi. Nimepita hapo miaka mingi bila kulifikiria. Juma lililofuata tulipanda miche minne ya mivinje. Miwili ilikufa kwa jua. Miwili ingali hai, na mrefu wake umekwisha kumpita binti yangu. Wewe usomaye, tazama nyuma ya kwenu.