Uyoga wa miombo

Uyoga wa miombo ni jina la jumla la aina nyingi za uyoga wa kuliwa unaojiotea katika misitu ya miombo, ile misitu mikavu iliyotanda kutoka Tabora, Katavi, Iringa, Ruvuma na Lindi hadi Zambia, Malawi, Msumbiji, Angola na Katanga. Huchumwa wakati wa kifuku, kati ya Novemba na Aprili, miezi ambayo akiba ya mwaka uliopita imepungua ghalani na mahindi ya shambani bado hayajakomaa. Wachumaji zaidi ni wanawake na watoto. Elimu yake hupita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu wakiwa pamoja msituni, na kabla ya kuwa elimu ya uyoga, ni elimu ya miti na mchwa.

Tunachokiita uyoga ni kama tunda tu la kuvu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zinazoishi udongoni mwaka mzima, na katika kundi la kwanza la uyoga wa miombo nyuzi hizo huvika ncha za mizizi ya mti mfano wa soksi. Kuvu huuchotea mti maji, fosforasi na naitrojeni kutoka katika udongo ambao mara nyingi ni hafifu. Mti nao hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani yake. Ushirika huu wanao mtundu (Brachystegia spiciformis), muba (Julbernardia globiflora) na mkusu (Uapaca kirkiana), ule unaozaa makusu. Mninga hauna, ingawa husimama katika msitu huohuo na mbao zake ndizo zinazosifiwa. Kwa hiyo mtafuta uyoga huangalia kwanza amesimama chini ya mti gani.

Chini ya miti hiyo huota uyoga wa manjano wenye umbo la faneli, wa jenasi ya Cantharellus, ambao upande wake wa chini una mikunjo butu inayoshuka hadi kwenye shina. Huota pia aina za Lactarius na Lactifluus, zinazotoa utomvu mweupe kama maziwa zikivunjwa, na Russula, ambazo shina lake hukatika kama chaki. Baadhi ya majina ya kisayansi yalichukuliwa vinywani mwa wenyeji: Lactifluus kabansus umetokana na kabansa, jina la Wabemba wa Zambia.

Kundi la pili, Termitomyces, halitegemei mti ulio hai. Hulimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu wadudu hao hutafuna miti mikavu na majani, na kwa kinyesi chao hujenga bustani yenye vishimo kama sega la nyuki. Kuvu huota humo na kuyeyusha kile ambacho tumbo la mchwa haliwezi, kisha mchwa hula kilicholainika. Ni kilimo kilichoanza mamilioni ya miaka kabla ya jembe la mwanadamu, na kwangu mimi hakuna jambo la ajabu zaidi katika msitu huu. Mvua zinapoanza, kuvu hupeleka juu mzizi mrefu unaopenya udongo kwa ncha ngumu, kisha kofia hufunguka juu ya ardhi. Termitomyces titanicus, ulioelezwa kisayansi mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia, una kofia inayoweza kufikia upana wa mita 1. Ndugu yake, Termitomyces microcarpus, una kofia ya sentimita 2 hivi, lakini huota kwa mamia kama pamba iliyomwagika, na kuuchuma ni kazi ya uvumilivu.

Katika Tanzania orodha kubwa ya kwanza yenye picha ilikuwa kitabu cha mwaka 1995 cha Marja Härkönen na Taimi Saarimäki wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla yake zilitangazwa aina zilizokuwa ngeni kwa sayansi ingawa si kwa wenyeji, zikiwamo Termitomyces singidensis, uliopewa jina la Singida, na Amanita masasiensis, wa Masasi.

Hatari ya uyoga ni ya kweli, na hapa ndipo elimu ya bibi inapopimwa. Hakuna kanuni moja inayotenganisha uyoga mwema na wenye sumu. Kuumwa na wadudu si kibali: konokono na funza hula bila kudhurika uyoga unaomuua mtu. Kuchemsha husaidia kwa aina fulani zenye ukali, lakini sumu iitwayo amatoksini, iliyomo katika baadhi ya Amanita, haiharibiki kwa moto wala kwa jua. Hata mfuko unaozunguka kitako cha shina, ambao wengi hufundishwa kuuogopa, hautoshi kuwa alama. Amanita zambiana unao mfuko huo na ni miongoni mwa uyoga unaopendwa sana miomboni. Anayeijua kanuni tu atatupa chakula kizuri leo na kula sumu kesho. Inayookoa ni kuijua kila aina kwa sura yake nzima. Ndiyo maana uyoga usioufahamu vema haukatwi kwa kisu juu ya ardhi, bali hufukuliwa mpaka kitako kionekane.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uangalifu unaotakiwa. Chlorophyllum molybdites huota kwenye majani mafupi ya viwanja na malisho, mkubwa na mweupe, na kwa mbali hufanana na uyoga wa kichuguu. Aliyeula huanza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Lakini shina lake lina pete, halina mzizi mrefu unaoshuka kwenye bustani ya mchwa, na kofia yake ikilazwa usiku kucha juu ya karatasi nyeupe huacha unga wa rangi ya kijani. Uyoga wa mchwa huacha unga wa waridi.

Amatoksini hujificha zaidi. Dalili huchelewa kwa saa 6 hadi 24, wakati mlo umekwisha kusahaulika. Mgonjwa hutapika na kuharisha, kisha hupata nafuu ya siku moja hivi inayodanganya familia nzima, huku ini likiendelea kuharibika. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali hata akisema amepona, na mabaki ya uyoga yaende pamoja naye.

Elimu hii pia haihami kirahisi. Mtu aliyezoea uyoga wa Ruvuma akihamia nyanda za juu zenye mashamba ya misonobari hukuta chini yake uyoga mwingine kabisa, uliofuatana na miche ya kigeni, ukiwamo Amanita muscaria, mwekundu wenye madoa meupe, ambao una sumu. Macho yake hapo ni ya mtoto anayeanza upya.

Jikoni uyoga husafishwa mchanga na kupikwa siku ileile, kwani sehemu kubwa yake ni maji na huoza upesi. Unaozidi huanikwa juani na kuwekwa kwa kiangazi. Mapishi yanayoupendeza zaidi ni ya karanga zilizotwangwa, mchuzi ukawa mzito, kwa ugali. Sokoni na kando ya barabara huuzwa kwa mafungu au kwa ndoo, na fedha yake hubaki mkononi mwa mwanamke aliyeuchuma.

Uyoga mamama unaooteshwa kwenye mabua vibandani hauwezi kuchukua nafasi ya huu. Mamama hula mabua yaliyokufa, ilhali kabansa huhitaji mti ulio hai, na hakuna aliyefaulu kuulima mbali na mti wake. Mtundu ukikatwa kwa ajili ya mkaa, au kwa kuni za kukaushia tumbaku kama ilivyo Tabora, uyoga wake hukoma. Hata hivyo miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki. Visiki visipong'olewa na shamba jipya, mizizi iliyo hai hubaki chini, na nyuzi za kuvu zinabaki na mahali pa kushika.