Ukanda Mweupe: Ramani za Wasanii na Majina ya Mitaa ya Lubumbashi

Aliyepata kuitazama ramani ya Elisabethville ya enzi za Wabelgiji hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni barabara zilizonyoka na kukatana kama miraba ya daftari la hesabu. La pili ni ukanda mweupe, usio na nyumba wala jina, uliotenga mji wa Wazungu na makao ya Waafrika. Mchoraji hakusahau kitu mahali pale. Alitakiwa kupaacha patupu.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi wasanii walivyoigeuza ramani ya namna hiyo iseme yale iliyoyanyamazia, kisha kuuliza swali ambalo, kwa maoni yetu, lawahusu wanaisimu kuliko wanavyodhani: ni nani mwenye haki ya kusema mtaa waanzia wapi na waishia wapi?

Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika. Watawala walieleza kwamba ukanda ule ulikuwa wa afya: mbu aenezaye malaria haruki mbali, basi Mwafrika akikaa ng'ambo ya pili, Mzungu atalala salama. Hata hivyo wapishi, maboyi na watunza bustani waliuvuka ukanda huo kila alfajiri kwenda kazini. Mbu alikatazwa, boyi aliitwa. Ndivyo ilivyokuwa mitaa ya Waafrika, kuanzia ule wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, kisha Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi: ilipangwa kwa kuhesabu umbali wake na mji wa Wazungu.

Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978 aliyesoma katika Chuo Kikuu cha hapa, aliishika habari hiyo mwaka 2013 katika kazi ambayo jina lake twaweza kulitafsiri “Insha juu ya Upangaji wa Mji”. Ni picha kubwa za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani, zimepangwa kama ubao wa dama: picha ya mji, kisha picha ya wadudu waliochomwa pini katika makusanyo ya jumba la makumbusho la mji, kisha mji tena. Pamoja nazo imo picha ya zamani, ya mwaka 1929, inayoonyesha lundo la nzi waliokufa. Maelezo yake yasema kwamba wakati ule kila mfanyakazi alilazimika kuleta nzi 50 ili apewe posho yake ya chakula ya siku. Mtazamaji hahitaji kuhubiriwa. Akisimama mbali aona ramani. Akisogea aona kwamba mtu na mdudu waliandikwa katika hesabu moja. Kazi hiyo ilionyeshwa hata Venice, mwaka 2015, katika banda la Ubelgiji, jambo lenye kejeli yake.

Baloji si wa kwanza kuikata ramani ili kuisomesha upya. Mwaka 1957, huko Paris, Guy Debord alichukua ramani iliyochapishwa ya mji huo, akaikata vipande 19 na kuviunganisha kwa mishale myekundu, kwa kufuata mvuto ambao mtembeaji huuhisi mahali hata mahali. Kati ya vipande vyake ulikuwamo mtaa wa Les Halles, wenye soko kuu la vyakula. Soko hilo lilihamishwa mwaka 1969, na mabanda yake yakabomolewa miaka michache baadaye. Huko Marekani, Denis Wood na wanafunzi wake walianza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuchora mtaa mmoja tu wa Raleigh, Boylan Heights: ramani ya mwanga wa taa za barabarani, ramani ya maboga yaliyochongwa sura na kuwekwa barazani usiku wa sikukuu. Ramani ya maboga ilifichua jambo: nyumba zilizoyaweka zilikuwa karibu zilezile zilizotajwa mara nyingi katika gazeti la mtaa.

Lakini sisi wa Lubumbashi tunayo ramani nyingine, nayo haina mstari hata mmoja. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, historia ya mji aliyoiita “Vocabulaire” ya Elisabethville. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Wengi huisoma kama historia tu. Sisi twapenda kuisoma pia kama ramani, kwa kuwa yataja mji jinsi ulivyotajwa na waliouvuka ukanda kwa miguu, pamoja na majina ya utani waliyowapachika mabwana zao. Imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake hayakutenganishwa jinsi shule ifundishavyo. Nimewahi kumsikia mwenzetu akisema kwamba hicho si Kiswahili. Huenda. Lakini kamusi zetu za Kiswahili sanifu, ambazo nazithamini, nazo zina ukanda wake mweupe, na maneno ya Kamalondo na Kenya yamo humo.

Mwaka jana niliwaomba wanafunzi wangu wachore njia ya kutoka nyumbani hadi chuoni bila kutazama ramani yoyote. Barabara zenye majina rasmi zilikuwa chache mno. Walichora kabini ya umeme, mwembe, parokia, duka la dawa, mahali panapojaa maji wakati wa mvua. Mmoja, akaaye Katuba, aliandika kwenye kituo cha taksi-basi jina la baa. Nilimwuliza kama baa hiyo ingalipo. Akajibu kwamba ilifungwa kabla hajazaliwa. Hajui hata ilikuwa upande gani wa barabara. Abiria, alisema, hulitamka jina hilo kila siku, na dereva husimama.