Sauti Tatu Kutoka Jirani

Jubilei hii inapofika hapa Kenyatta Market, tuwakumbuke jirani zetu. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, wanafunzi wa Shule ya Upper Hill, waliimba pamoja katika kikundi cha injili, Voices in the Light. Shule ilipokwisha hawakutawanyika. Mwaka 2005 waliunda kundi lao. Mpiga gitaa Polycarp Otieno, waliyekutana naye Alliance Française, akajiunga, wakawa Sauti Sol. Albamu ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008.

Hawakuzaliwa nyumba moja. Kuimba ndiko kulikowafanya ndugu. Sisi hupoteza sauti za tena na besi kila mwaka baada ya kidato cha nne. Vijana wetu, msituache. Viti vyenu vya mazoezi bado vinawangoja.