Ushuru wa Mwenye Soko

Mwenye soko ndiye apangaye ushuru. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka la programu za simu zake. Kila programu iliyouzwa humo ilikatwa asilimia 30 ya bei.

Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iliasi. Ilitia katika mchezo wake wa Fortnite njia yake yenyewe ya malipo. Siku ile ile Apple iliuondoa mchezo dukani, na Epic ikaenda mahakamani.

Je, wachezaji walizitupa simu zao? Wengi hawakuzitupa. Picha zao, barua zao na programu walizonunua zilikuwamo. Kuhama kungekuwa hasara. Basi uaminifu wa mnunuzi waweza kuwa mapenzi, na waweza kuwa kamba.

Hata hivyo, ugomvi haukupita bure. Tangu Januari 2021 wauzaji wadogo, wasiozidi mapato ya dola 1,000,000 kwa mwaka, walipunguziwa ushuru hadi asilimia 15. Septemba 2021 jaji alikataa madai mengi ya Epic, lakini aliamuru wauzaji waruhusiwe kuwaonyesha wanunuzi njia nyingine za kulipa. Mei 2025 Fortnite ilirudi katika duka hilo huko Marekani.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mara hii nyasi zilipata umande.