Siku Orwell alipofutwa kwenye Kindle

Wengi wetu tulikutana na Orwell kwanza kwa Kiswahili, kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Shirika hilo lilishakufa zamani. Nakala zake bado zinazunguka, nyingine hazina jalada, nyingine zimeandikwa majina ya wanafunzi watatu wanne waliopokezana. Mchapishaji hayupo, kitabu kinasomwa. Liweke hilo kichwani kidogo.

Sasa twende Marekani, Julai 2009. Watu walionunua Animal Farm na Nineteen Eighty-Four kwa ajili ya Kindle walifungua vifaa vyao wakakuta vitabu havipo. Haikuwa hitilafu ya mtambo. Amazon ndiyo iliyovifuta, kwa mbali, bila hodi, kisha ikawarudishia wateja pesa zao. Sababu ilikuwa ya kisheria: aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza Marekani, ambako vitabu hivyo bado vinalindwa na hakimiliki. Basi mwenye haki alikuwa na hoja. Lakini hebu fikiria muuza vitabu aliyekuuzia nakala haramu bila kujua. Akishagundua anaweza kukupigia simu, anaweza hata kukusihi uirudishe. Kuingia chumbani kwako, kuchukua kitabu na kukuachia noti mezani? Huyo utamwita nani?

Na jamani, kati ya vitabu vyote duniani, kiwe hicho! Winston, mhusika mkuu wa Nineteen Eighty-Four, kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yaendane na matakwa ya chama, na karatasi za ushahidi huzitumbukiza kwenye tundu linaloelekea tanuruni.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alikuwa akikisoma kwa ajili ya kazi ya shule, na alikuwa ameandika maelezo yake humo humo. Maelezo yalibaki, ila sentensi alizozielezea zilikuwa zimeondoka, sasa yana faida gani? Akashtaki. Kesi ikaisha kwa mapatano: Amazon ilikubali kulipa dola 150,000 na kuahidi kutofuta tena vitabu vya wateja wake wa Marekani isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Mimi radhi naiamini. Kinachonisumbua ni kwamba uwezo wenyewe wa kufuta ulibaki palepale.

Uwezo huo ni mgeni katika historia ya kitabu. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wachapishaji Bobbs-Merrill, waliochapisha ndani ya riwaya The Castaway onyo kwamba isiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema: ukishauza nakala, huna tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi bei ya kuiuza. Kitabu cha kielektroniki kimelikwepa hilo kwa ujanja mdogo tu. Hukiuziwi. Unapewa leseni ya kukisoma, ingawa kitufe kimeandikwa “nunua”.

Leseni hiyo inaishi kadiri duka linavyoishi. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Pesa zilirudishwa, na waliokuwa wameandika maelezo yao waliongezewa dola 25. Sasa linganisha na ile nakala ya Kawegere isiyo na jalada.

Ila karatasi nayo tusiifanye mtakatifu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata 1840, na diwani yake ikachapishwa 1940. Katika hiyo miaka mia moja, mashairi yale yaliokolewa na vichwa vya watu, kisha na Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya pamoja na William Taylor na kuyaandika. Yaliyokuwa yameshasahaulika kabla ya hapo hatutayapata. Na tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa masomo ya Afrika. Siku kama ile ndipo unapoona thamani ya faili lililonakiliwa mapema na kuwekwa mahali pengine.

Kwa hiyo kwangu swali la karatasi au kioo cha simu linakuja baadaye. La kwanza ni kama nakala ninayolipia naweza kuihamisha, kumwazima mwenzangu, kumwachia mwanangu. Faili la EPUB lisilo na kufuli linakubali karibu yote hayo. Michael Hart alianza kazi hiyo mwaka 1971 kwa kuchapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya chuo kikuu cha Illinois, na Project Gutenberg bado ipo. Tor, wachapishaji wa riwaya za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012 na hawakufilisika.

Upande wetu hali ni ya ajabu zaidi: riwaya nyingi za Kiswahili haziuzwi kielektroniki kabisa, zinazunguka kama picha za kurasa kwenye WhatsApp, mwandishi haoni hata shilingi, na njia yenyewe ni mali ya kampuni nyingine kubwa. Mwandishi anayeuza faili lake mwenyewe, kwa bei ya soda mbili tatu na bila kufuli, angepata wateja. Mimi ningekuwa wa kwanza.

Mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Siku za mwisho kabla ya tarehe 26, wasomaji walikesha wakipakua maktaba zao, kitabu kimoja kimoja.