Mzio, Mwiko na Sahani ya Githeri

Katika shule za Naro Moru na Kieni kwa jumla, nchini Kenya, chakula cha mchana mara nyingi ni githeri: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa yakaiva, mavuno yakiwa mazuri yakatiwa viazi na kabeji. Sufuria ni moja. Mtoto asiyeweza kula kilichomo hupewa jina kwanza, na jina hilo ndilo huamua kama atapata sahani nyingine.

Kwanza huambiwa anachagua chakula, kisha anaringa. Hizo ni lawama. Akileta barua ya daktari anakuwa mtoto wa "spesho daeti", neno lililojaa wivu mabwenini: wali kwa wachache, githeri kwa wengi. Nasi tukilitafsiri kuwa "mlo maalumu" hatujamsaidia, maana maalumu husikika kama cheo.

Mimi nalipenda neno mzio. Tangu zamani limetaja chakula ambacho mtu hali kwa kuwa kinamdhuru au kimekatazwa na mila yake. Siku hizi madaktari wamelifanya jina la aleji. Halimlaumu mtu. "Una mzio wa nini?" ni swali ambalo mpishi anaweza kuuliza bila kumwaibisha mtoto. Gĩkũyũ kina mũgiro, yaani katazo, lakini anayevunja mũgiro huingia thahu, yaani unajisi, na kuhitaji kutakaswa. Mtoto aliyedhuriwa na karanga hana unajisi wowote.

Hata hivyo mzio tusiubebeshe kila kitu. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba koo akakosa pumzi kwa dakika chache, hata kwa mabaki tu yaliyoshika kwenye upawa. Anayesokotwa na tumbo kwa maziwa, kwa sababu mwili haumeng'enyi laktosi, hana mzio: hayamudu, na pengine mala, maziwa yaliyochachushwa, itamkalia vizuri. Mwaka 1979, Maziwa ya Nyayo yalipoanza kugawiwa shule za msingi, mtoto kama huyo alipokea pakiti sawa na wenzake. Mwenye seliaki hudhuriwa na glutini ya ngano na shayiri, nafaka zinazolimwa sana huko Timau. Githeri kwake ni salama, hatari ni chapati. Asiyekula nguruwe kwa imani yake ana mwiko, na mwiko hauhitaji barua ya daktari.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Jikoni, haki hiyo inahitaji orodha yenye maneno matatu tofauti: ana mzio, hamudu, ana mwiko. La kwanza liandikwe kwa wino mwekundu. Orodha ibandikwe ukutani karibu na sufuria, kwa lugha anayoisoma mpishi, badala ya kufungiwa kwenye faili la mwalimu mkuu.