Beni: Ngoma Iliyovaa Sare

Katika mambo ambayo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walijishughulisha nayo wakati wa faragha, kazi zimekwisha na jua limepungua ukali, hapakuwa na jambo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 lililowagharimu fedha, jasho na magomvi kuishinda ngoma ya beni. Watu wazima, aghalabu makarani, waashi, wapishi na wachukuzi, walijipanga safu kama askari, wakavaa makoti ya sare na kofia za kijeshi, wakashika bakora mahali pa bunduki, wakaenda kwata mitaani nyuma ya matarumbeta na ngoma kuu, huku Jenerali wao akiwatangulia na Kingi wao akiwangojea kitini. Mgeni aliyewaona alicheka, akasema hawa wanawaiga Wazungu. Afisa wa serikali aliyewaona aliingiwa na shaka, akasema hawa wana jambo wanalolificha. Wote wawili, kwa rai yangu, waliitazama sare wasimtazame aliyeivaa.

Kwani mashindano ya ngoma yalikuwako pwani kabla tarumbeta ya kwanza haijashushwa bandarini. Miji ya zamani iligawanyika sehemu mbili mbili, kama Lamu ilivyogawanyika Mkomani na Langoni, na kila upande ulitaka kuupita mwenziwe kwa uhodari wa kucheza, kwa mashairi ya kujibizana, na kwa wingi wa wali na nyama waliolishwa wageni. Aliyeshindwa uwanjani alivunja murua wa mtaa mzima. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima, ambaye maandishi yake pamoja na ya wenziwe yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, amezitia ngoma katika khabari za maisha kama alivyotia ndoa, safari na matanga, wala hakuona haja ya kutaka radhi kwa kufanya hivyo. Na fahari hiyo ilikuwa na chombo chake cha kupulizwa. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, ambazo zimewekwa katika makumbusho ya Lamu, hazikupulizwa kwa kila mtu, bali kwa waungwana katika shughuli zao kubwa, na asiye na nasaba alizisikia kwa mbali. Basi ilipokuja pembe nyingine ya shaba, isiyouliza mtu ni mwana wa nani, si ajabu kwamba vijana waliikimbilia.

Pembe hiyo ilikuja kwa njia nyingi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa na bendi yake iliyopiga mbele ya kasri, na wapigaji wake aghalabu walikuwa Wagoa. Manowari za Kiingereza zilizotia nanga zilikuwa na bendi zao. Na huko Freretown, bara mkabala wa kisiwa cha Mombasa, ambako wamisionari wa Kianglikana waliwaweka tangu 1875 watumwa waliokombolewa, vijana walifundishwa vyombo vya shaba pamoja na kusoma. Katika miaka ya 1890 watu wa Mombasa na Lamu walianza kuyachanganya haya na ushindani wao wa kale, na beni ikazaliwa. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi, na hawa wa pili waliiga marinda ya askari wa Scotland. Nami nadhani halikuwako vazi la Kizungu lililokuwa jepesi kwa mtu wa pwani kulikubali kuliko hilo, maadamu shuka kiunoni ilikuwa nguo ya babu zake.

Katika Tanganyika vyama vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Marini walijifananisha na wanamaji, na kwao walikuwa wengi waliosoma na wenye jina mjini; Arinoti walijifananisha na askari wa nchi kavu, na kwao waliingia zaidi vibarua, wapagazi na wageni kutoka bara. Vita vya 1914 hata 1918, vilivyowaua wapagazi wengi kwa njaa na maradhi, ndivyo vilivyoieneza ngoma hii kuliko wakati wa amani. Ilichezwa makambini, ikachezwa na mateka, na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, watu walirejea makwao nayo, wengine Nyasa, wengine Rhodesia ya Kaskazini, wengine Kongo. Palipokosekana tarumbeta haikusimama. Kando ya Ziwa Nyasa watu walitwaa vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui. Na mpigaji hapulizi kama apulizavyo zumari, bali huimba ndani ya kibuyu, na ule utando ukitetemeka sauti ya mtu hutoka na mkwaruzo wa shaba. Ngoma hiyo huitwa malipenga, na ingali ikichezwa Malawi.

Ni katika miaka hiyo baada ya vita ndipo maafisa wa Kibelgiji na wa Kiingereza walipoingiwa na hofu. Waliona watu wa makabila mbalimbali, wenye vyeo vya kijeshi, wanaopelekeana barua kutoka mji hata mji, wakadhani nyuma ya kwata hiyo kuna fitina. Walipochunguza, hofu iliwapungua. Siri kubwa ya beni ilikuwa michango. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na watu walioifuata kutafuta kazi walijikuta mbali na jamaa. Basi Marini aliyetoka Tanga akashuka Tabora aliwatafuta Marini wa Tabora, wakampa pa kulala, akiugua wakamwuguza, na akifa wakamzika. Kwa ajili hiyo palihitajika mwandishi wa barua, mtunza hazina, mwamuzi wa magomvi na mpokea wageni, na kila mmoja wao alipewa cheo. Karani aliyeinamia daftari la mwenziwe mchana kutwa, akiitwa boi na kijana wa Kizungu mdogo kuliko yeye kwa umri, jioni alikuwa Admirali, na amri yake ilisikilizwa. Mtu akipenda na auite huo mchezo; ulikuwa mchezo wenye hesabu, kanuni na faini.

Wanawake hawakukaa kutazama. Mombasa walikuwa na ngoma yao ya lelemama, ambayo Margaret Strobel ameieleza katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake wa Kiislamu wa mji huo, na vyama vyao vilijiita Kingi na Scotchi kama vya waume, kisha vikaja vingine, mashuhuri miongoni mwao Banu Saada na Ibinaal Watan. Humo pia mlikuwa na vyeo, na humo bibi mwenye ulimi alimsuta hasimu wake kwa shairi mbele ya watu, jambo ambalo asingeweza kulifanya barazani pa mumewe.

Wanazuoni hawakufurahi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kuwaiga Wazungu katika yasiyo na faida, wakaacha kuwaiga katika elimu na kazi. Lawama ya israfu ilikuwa ya haki, kwani mtaa uliochinja ng'ombe wawili uliulazimisha mtaa wa pili kuchinja watatu, na deni lilibaki baada ya pilau kwisha. Lakini katika kuendesha vyama, katika kuandika barua na kukusanya fedha za umoja, wana beni walikuwa wakijifunza kitu ambacho kitabu cha shule hakikuwa nacho.

Beni ilipungua nguvu mijini katika miaka ya 1930. Vijana wa Dar es Salaam walianzisha klabu za dansi, wakavaa suti na kucheza wawili wawili, na gwaride likaonekana mambo ya wazee. Wenye hamu ya siasa nao walikuwa na African Association tangu 1929. Huko Rhodesia ya Kaskazini beni ilizaa ngoma ya kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliandika juu yake mwaka 1956, akiwakuta wafanyakazi nadhifu wakicheza na Kingi wao, daktari wao na muuguzi wao wa kike. Unguja beni imebaki harusini. Matarumbeta hutangulia barabarani, yakipiga nyimbo za taarabu ambazo kila mtu anazijua, na wanawake huitikia na kucheza nyuma yake kwa ukali ambao Marini wa zamani wangeutambua mara moja. Jenerali hayumo tena, wala upande wa pili wa kushindana naye, na gharama hulipwa na wenye harusi.